Vidudu Vinavyotengeneza Protini ya Mwanadamu

 Fungueni madaftari yenu.

Mnajua ya kuwa maharagwe na mayai yana protini. Mwili nao hutengeneza protini zake, na kila moja ina kazi yake. Insulini ni mojawapo. Hutoka katika kongosho, nayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini. Akosaye insulini huugua kisukari.

Zamani mtoto mwenye kisukari kikali hakuishi muda mrefu. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini katika kongosho za wanyama. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo, akapata nafuu. Kwa miaka mingi insulini ilitolewa katika ng'ombe na nguruwe. Lakini wanyama wengi walihitajika, na insulini yao si sawasawa kabisa na yetu. Iliwadhuru baadhi ya wagonjwa.

Basi, njia nyingine ilipatikanaje? Ndani ya chembe za mwili mna maagizo ya kutengeneza kila protini, kama kipimo anachokifuata mshona nguo. Mwaka 1977, huko Marekani, Herbert Boyer, Keiichi Itakura, Arthur Riggs na wenzao waliunda maagizo ya protini ndogo ya mwanadamu iitwayo somatostatini. Wakayatia ndani ya bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho. Vidudu vikayafuata! Hapo kwanza, wataalamu walitumia vipande vya bongo za kondoo karibu nusu milioni ili kupata miligramu chache tu.

Somatostatini ile ilikuwa ya uchunguzi wa maabara. Mwaka 1978 insulini ya mwanadamu ikatengenezwa vivyo hivyo. Je, wagonjwa walipewa siku ile ile? La. Ilisafishwa, ikapimwa, ikajaribiwa kwa watu, na mwaka 1982 ndipo Marekani ilipoiruhusu kuuzwa.

Hata leo protini nyingi hutengenezwa hivi kwa ajili ya maabara tu. Chupa zake huandikwa ya kuwa si dawa ya mtu. Protini yaweza kuwa ile ile, lakini isiyopimwa kama dawa yaweza kudhuru. Kwa hiyo, ndugu zangu, someni maandishi ya chupa kwanza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Insulini ina kazi gani mwilini?
2. Kwa nini insulini ya 1978 haikuuzwa mpaka 1982?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.