Udongo wa Ukambani, Matumbawe ya Malindi

Mto Athi huanzia nyanda za juu za Kenya, hupita karibu na Nairobi na kukata Ukambani. Ukishaungana na Mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia bahari, kaskazini ya mji wa Malindi, wenyeji huuita Sabaki. Mvua kubwa zikinyesha bara, maji yake huingia baharini yakiwa mekundu.

Yakishaingia, yanakokwenda huamuliwa na upepo. Wakati wa kusi, tope husukumwa upande wa Mambrui na Ghuba ya Ungwana. Kaskazi ikianza, maji ya juu hugeuka na tope hushuka kusini, moja kwa moja kwenye miamba ya matumbawe ya Malindi. Ndiyo maana furiko la vuli, linaloangukia mwanzo wa kaskazi, huiletea miamba hiyo tope ambalo furiko la masika hulipeleka kwingine. Mwaka 1984 mtafiti William Brakel alionyesha mgeuko huo kwa picha za setilaiti za Landsat. Leo watafiti hukokotoa mikondo ya pwani kwa kompyuta, wakiilisha upepo, kujaa na kupwa, kina cha bahari na wingi wa maji ya mto. Upepo na maji kujaa na kupwa, manahodha wa majahazi walivipigia hesabu karne nyingi bila mashine yoyote.

Lakini kumbukumbu ndefu kuliko zote imo ndani ya matumbawe yenyewe. Yale ya jamii ya Porites hukua taratibu, takriban sentimita moja kwa mwaka, na kila mwaka huacha tabaka lake. Chembe za udongo wa mtoni hubeba bariamu. Zikikutana na maji ya chumvi huiachia, na tumbawe huijengea kwenye mifupa yake mahali pa kalsiamu. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha vipimo vya bariamu ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Kuanzia 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na mto haukubadilika sana. Tangu 1910 ukapanda mfululizo, na kati ya 1974 na 1980 ukafika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili.

Ongezeko hilo la udongo lina historia yake huko bara. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, walowezi wakafuata, na Wakamba wakabanwa ndani ya maeneo waliyotengewa huku malisho mazuri yakichukuliwa. Ardhi ilipochakaa, serikali ya kikoloni ililaumu ng'ombe. Mwaka 1938 iliamuru wapunguzwe kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi huko. Amri ililegezwa, ila Mbingu mwenyewe alihamishiwa Lamu, pwani ile ile iliyokuwa ikipokea udongo wa kwao.

Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, ikalinda miamba dhidi ya wavuvi na wachukua makombe, si dhidi ya mto. Hata hivyo, Tim McClanahan na David Obura waliandika mwaka 1997 kwamba tope halikuwa limepunguza aina za matumbawe kama ilivyohofiwa. Mwishoni mwa mwaka huo mvua za El Niño zilifurisha Sabaki. Miezi michache baadaye bahari ilipata joto, na matumbawe mengi ya Kenya yakapauka na kufa, hata mbali na mdomo wa mto wowote.