Kongwa 1947: Pori Lililoitwa Tupu

Ukipanda basi Dodoma mjini kuelekea Morogoro, ukifika Mbande ukakata kulia, barabara inakupeleka Kongwa. Leo utaona ng'ombe wa ranchi, mashamba ya alizeti na mibuyu iliyosimama mbalimbali. Hivi unajua kwamba hapo ndipo Uingereza ilipojaribu kuanzisha mojawapo ya mashamba makubwa kabisa ya mashine duniani?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa wanapewa mafuta ya kula kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, bosi wa United Africa Company, alitoa wazo: tulime karanga Tanganyika, tena kwa matrekta. Ukatumwa ujumbe wa wataalamu ukiongozwa na John Wakefield. Walizunguka kwa takribani wiki 9, sehemu kubwa wakiwa kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa ekari milioni 3.2, kuanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Mwaka wa kwanza peke yake zingelimwa ekari 150,000.

Kwa nini Kongwa? Sababu mojawapo ni kwamba kutoka juu palionekana hapana mtu. Pori tu. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo historia inapoanza kuwa tamu.

Pori nalo lina historia

Tukiona vichaka vizito huwa tunadhani vimekuwepo tangu dunia iumbwe. Si lazima iwe hivyo. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza: majeshi yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikagoma. Wagogo waliiita njaa ile Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Watu wengi walikufa, wengine wakahama.

Sasa fikiria: ng'ombe wakipungua, nani atakula nyasi na machipukizi? Watu wakipungua, nani atachoma na kufyeka? Vichaka vinasonga mbele, na mbung'o wanafuata. Mwaka 1977 mwanahistoria Helge Kjekshus aliandika kwamba sehemu kubwa ya mapori ya Tanganyika yalipanuka kwa njia hiyo, baada ya watu kupoteza udhibiti wa mazingira yao. Yaani kilichoitwa "ardhi tupu" mara nyingi kilikuwa ardhi iliyopatwa na msiba.

Tena haikuwa tupu hata kidogo. Waliotangulia kufyeka Kongwa walikutana na tembo, faru na simba. Ndani ya mibuyu yenye mashimo waliishi nyuki, na waliwauma wafanyakazi kwelikweli. Baadhi ya mibuyu ilikuwa mahali pa matambiko. Wenyeji walikuwa wakipata humo asali, mboga, ubuyu na dawa.

Vifaru vyageuzwa trekta

Mashine zilitoka kwenye mabaki ya vita. Matrekta na mabuldoza yaliyochakaa yalinunuliwa Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, yakapewa jina la Shervick. Kwenye vichaka, mabuldoza mawili yaliburuta mnyororo mzito kama wa nanga ya meli, yakaangusha kila kilichokuwa katikati.

Tofauti na jembe la mkono iko hapo. Mkulima wa Kigogo akifungua shamba huchagua: mbuyu anauacha, mti wa kivuli anauacha, kipande kibaya anakikwepa. Mnyororo hauchagui. Tembo anaweza kuondoka. Je, komba anayelala kwenye shimo la mti? Hondohondo anayetaga humo? Nyuki? Kwao mti ukianguka, nyumba imeanguka.

Ardhi nayo ikajibu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi: ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. Karanga hukomaa chini ya ardhi, kwa hiyo wakati wa kuvuna zilikwama humo humo, na vyuma vya plau vikalika haraka. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na zinaweza kukatika wakati wowote. Badala ya ekari 150,000, msimu wa kwanza zilipandwa kama 7,500 tu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kushindwa. Paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimeyeyuka.

Karanga zilishindwa, mnyororo haukushindwa

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni, kikaishia hapo. Mimi naona kuna jambo zito zaidi. Shamba lilikufa, lakini mabadiliko ya nchi yalibaki. Vichaka huota upya upesi, lakini mbuyu wa karne kadhaa haurudi ndani ya maisha ya mtu. Sehemu ya eneo ikawa ranchi ya ng'ombe. Kumbe wanyama wanaweza kupoteza makazi kwa ajili ya zao lililoshindwa.

Na kosa halikuwa la wakoloni peke yao. Miaka ya 1970 na 1980, shirika letu la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano karibu ekari 100,000 kwenye nyanda za Basotu, Hanang. Wabarabaigi walipoteza malisho yao bora, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau. Macho yalikuwa yale yale: nyasi zisizo na jembe zilihesabiwa kuwa hazina kazi.

Sasa tuje Bahi, magharibi ya Dodoma mjini. Mto Bubu ukileta maji, bonde linafurika. Watu wanalima mpunga kwenye majaruba. Mvua ikiwa nzuri kuna samaki na ndege wa majini. Baada ya mavuno wanaingia ng'ombe. Ardhi moja, watumiaji wanne au watano, kila mmoja kwa zamu yake. Mtu akija Septemba na ndege ya kupima, ataona nini? Vumbi tupu.

Shamba kubwa la zao moja halijui zamu. Linataka ardhi ile ile mwaka mzima, na huwa halifukuzi wanyama wote, huwachagua. Faru anaondoka, kweleakwelea anakaribishwa. Wakulima wa mpunga wa Bahi wanamjua ndege huyo vizuri kuliko mimi.

Sisemi tusilime. Dodoma inakua, watu wanataka kula, na mashamba makubwa ya pamoja yanafunguliwa tena mkoani. Ninachosema ni kwamba kabla ya buldoza kuwashwa, mtu akae pale misimu yote miwili, masika na kiangazi, awaulize wanaoishi hapo: nani anapita hapa, lini, na anafuata nini? Ujumbe wa Wakefield ulitumia wiki 9. Wewe ungewapa muda gani?