Uelewekaji wa Usemi

"Haloo, haloo. Moja, mbili. Moja, mbili, tatu." Kila fundi mitambo anaijua sala hiyo. Saa kumi jioni uwanja ungali mtupu. Yeye yuko jukwaani, mwenzake yuko kule nyuma kwenye mikisa, ananyanyua dole gumba. Imekubali. Lakini wamepima nini? Aliyesikia "moja" anajua "mbili" inakuja. Hata ikifika imepondeka, sikio linaijazia. Wamepima kama mitambo inatoa sauti. Hawajapima kama mtu aliye karibu na vyoo, saa nne usiku, ataambiwa apite mlango gani na akaelewa.

Jambo hilo la pili ndilo ninaloliita uelewekaji wa usemi. Anayelifasiri kwa haraka kutoka Kiingereza atakimbilia "usikivu". Silikubali. Usikivu ni sifa ya mwanafunzi aliyetega sikio, na watu wa redio wamekwishalichukua kwa maana ya matangazo kufika eneo fulani. "Kusikika" nako hakutoshi: ngoma, honi na radi vyote vinasikika. Tunachokitafuta kimo ndani ya kitenzi kueleweka, na kama kupatikana kumetupa upatikanaji, uelewekaji hauhitaji kuombewa ruhusa.

Kipimo chake kipo. Waholanzi wawili, Houtgast na Steeneken, walikianzisha miaka ya 1970: namba kati ya 0 na 1, na kwa matangazo ya dharura mara nyingi hutakiwa isipungue 0.5. Usemi ni sauti inayopanda na kushuka, silabi kwa silabi, na kati ya vilele mna mabonde. Mwangwi na kelele za watu huyafukia mabonde hayo. Mpimaji hupitisha kwenye spika mvumo maalumu unaopanda na kushuka mfano wa usemi, kisha huzunguka na kifaa mkononi, akisimama kama sekunde 15 au 20 kila mahali, kuona mabonde yamebaki kiasi gani. Ndiyo maana kuongeza sauti si dawa ya kila kitu. Kwenye ukumbi wa mabati, ukipandisha sauti, mwangwi unapanda nayo. Uwanjani adui ni umbali: spika iliyo mita 68 kutoka jukwaani isipocheleweshwa moja ya tano ya sekunde, aliye karibu nayo husikia kila neno mara mbili.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Chukua "msikimbie". Uzito wote wa katazo umebebwa na silabi moja, -si-, na herufi s ni pumzi nyembamba ambayo kelele za watu huimeza kwanza. Kinachobaki ni "mkimbie". Mtangazaji mzoefu hakatazi. Anasema "tembeeni polepole".

Na kabla ya kutangaza, muziki ukatwe kwanza. Huko Roskilde, Denmark, tarehe 30 Juni 2000, Pearl Jam walipokuwa jukwaani watu wa mbele walianza kuanguka na kukanyagwa. Muziki ulipositishwa, mwimbaji Eddie Vedder aliwaomba watu warudi nyuma hatua tatu. Walikufa vijana 9. Kwa hiyo kabla ya onyesho ijulikane nani ana amri ya kukata muziki, na maiki ya dharura iwe na njia yake isiyosubiri mtu wa mikisa aitafute. (Tena iitwe maiki. "Kipaza sauti" kwa mmoja ni maiki, kwa mwingine ni spika, na kwenye simu ya upepo "zima kipaza sauti" inaweza kuzima kisichotakiwa.)

Asiye na kifaa cha kupimia ana karatasi. Fundi anasoma sentensi ambazo mwenzake hajaziona, mwenzake anazunguka uwanja akiandika alichosikia. Muziki upigwe, ukatwe, sentensi isomwe: "Tokeni kwa mlango wa kusini." Mwenzake akirudi na karatasi iliyoandikwa "kaskazini", hapo mlango haujafunguliwa kwa mashabiki bado, na kuna muda wa kugeuza spika.