Kutoka mafiga mpaka jiko la udongo: historia ya moto wa kambini

Mama yangu ana majiko manne. La kwanza ni mafiga, mawe matatu nyuma ya nyumba. La pili ni mbabula ya bati aliyonunua sokoni Base Camp. La tatu liligawiwa na shirika fulani mwaka niliomaliza shule ya msingi, na mpaka leo linatumika kila siku, ni kiti cha wageni. Halina kutu hata kidogo, mtu mnene anaweza kulikalia bila wasiwasi. La nne nitalifikia baadaye.

Vijana wenzangu, na nyinyi mnaofanya kazi nasi kwenye mashirika, kila mwaka tunaitwa kwenye warsha za mazingira. Tunapewa soda, tunaonyeshwa picha ya jiko jipya, na linaelezwa kana kwamba wazo limezaliwa asubuhi ile. Kumbe hii habari ya kupika bila kumaliza miti ina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya kambi zetu wenyewe. Imeandikwa, ila kwa lugha ya ripoti. Hapa nimejaribu kuileta kwa lugha ya nyumbani.

Nianze na 1994, maana ndipo dunia iliposhtuka. Mwisho wa Aprili mwaka ule, watu karibu 250,000 walitoka Rwanda wakavuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi. Walitua Benaco, wilaya ya Ngara. Mwezi wa Julai wengine, karibu milioni moja, wakaingia upande wa Goma. Sasa piga hesabu ya moto. Mkoa wa Kagera ulipokuwa na wakimbizi zaidi ya laki sita, kuni zilizochomwa zilifika tani 1,200 kwa siku. Kwa siku moja, yaani. Kila mtu hapo ni kama kilo mbili, si nyingi, ni kuni za kuivisha sufuria moja ya maharagi. Lakini ukijumlisha, misitu ya kilometa za mraba 570 iliguswa, na 167 kati ya hizo ziliharibika vibaya. Upande wa Goma, hifadhi ya Virunga, ambayo ipo tangu 1925, iliguswa zaidi ya kilometa za mraba 100.

Hizi namba tumeshazoea kupigwa nazo. "Wakimbizi wanamaliza miti." Mimi nazisoma tofauti. Watu walipewa mahindi na maharagi makavu. Malori yalileta gunia, mafuta ya kupikia na chumvi, lakini hayakuleta moto. Aliyepanga mgao ule alijua kabisa kwamba haragi kavu halitafuniki. Linataka masaa mawili au matatu motoni, na kama hukuliloweka usiku kucha, ndiyo zaidi. Kwa hiyo nusu ya chakula ilitoka kwenye lori na nusu nyingine ilitoka msituni, na aliyelaumiwa ni yule mama aliyebeba panga.

Na bado tuko hapo. Hapa Uganda mgao umekatwa mara kadhaa tangu 2020, lakini haragi halijui kama limekatwa, linataka moto uleule. Nani kati yetu hajaona nyumbani kwao sehemu ya chakula ikiuzwa ili kununua kuni za kupikia kile kilichobaki?

Kuna bei nyingine, na hii si ya pesa. Kule Dadaab, Kenya, wanawake na wasichana walikuwa wanashambuliwa na kubakwa wakienda porini kuokota kuni. Kuanzia 1998 wakaanza kugawiwa kuni ili wasitoke. Tathmini iliyofanyiwa UNHCR mwaka 2001 ilikuta kwamba zile kuni zilitosha karibu theluthi moja tu ya mahitaji ya nyumba. Majuma ya mgao, ubakaji wa porini ulipungua kwa kweli. Lakini mahali pengine uliongezeka. Nasema haya polepole kwa sababu dada zetu wengi wanasoma hapa. Tunapoongea juu ya jiko linalookoa kuni, tunaongea pia juu ya safari ngapi dada yako atafanya wiki hii, na saa ngapi atarudi.

Sasa jiko la jua. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, maana watu wengi wanadhani ni kitu cha kesho, kumbe Kakuma walikuwa nalo miaka ya 1990. Kakuma ilifunguliwa 1992 kule Turkana, kwenye mchanga na joto, kuwapokea vijana waliotembea kutoka Sudan. Miti michache iliyopo ni ya Waturkana na mbuzi wao, na ugomvi wa kuni ulianza mapema. Mwaka 1995 shirika moja la Marekani, Solar Cookers International, lilileta kifaa chepesi kabisa: katoni iliyokunjwa, imebandikwa karatasi ya aluminiamu inayong'aa. Unaweka sufuria nyeusi yenye mfuniko ndani ya mfuko wa plastiki usioyeyuka, unaielekeza kwenye jua, unaondoka. Mwanga unagonga aluminiamu na kurudi kwenye sufuria, weusi unaumeza, mfuko unazuia joto lisitoroke. Baada ya masaa kadhaa wali umeiva, na hauungui hata ukisahau.

Waliofundisha wenzao walikuwa wanawake wakimbizi wenyewe, nyumba kwa nyumba. Mpaka mradi unafungwa mwaka 2004, familia zaidi ya 15,000 zilikuwa zimefikiwa. Fikiria, miaka tisa ya akina mama wakipika kwa jua Turkana, na leo kijana wa Kakuma anaweza kukuambia hajawahi kulisikia.

Kwa nini halikubaki? Nimeuliza kwa mama, ambaye hajafika Kakuma, nikamchorea kwenye vumbi. Akaliangalia dakika moja tu. "Bukari itasongwa vipi ndani ya mufuko?" Ndiyo hivyo. Ukifungua kukoroga, joto limetoka. Kusonga kunataka nguvu za mikono miwili, na katoni haiwezi kuzivumilia. Halafu akauliza la pili: "Na chakula ya mangaribi?" Jua limezama, watoto wanarudi na njaa. Mimi naongeza la tatu. Katoni ikiloa inakufa, mfuko ukipasuka unatafuta mwingine, na vyote viwili vilitoka nje ya kambi. Fundi wa Kakuma hakuwa na cha kutengeneza. Mradi ulipoondoka, na dukani hapakubaki kitu.

Lakini tusilicheke. Kwa maharagi ya mchana, kwa wali, kwa kuchemsha maji ya mtoto, lile katoni lilikuwa na akili. Kosa lilikuwa kulifikiria kama jiko pekee, wakati hakuna mama duniani mwenye njia moja ya kupika. Ndugu yake mzuri ni kikapu cha nyasi. Waingereza walipika hivyo wakati wa vita kuu ya pili, na sanduku lililojaa majani makavu. Loweka maharagi usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa nguvu nusu saa, kisha zika sufuria na mfuniko wake ndani ya kikapu kilichojaa nguo kuukuu au nyasi kavu. Yanaendelea kuiva yenyewe kwa joto lililomo. Hii haihitaji mfadhili, inahitaji blanketi lililochakaa, na hilo kila nyumba inalo.

Tugeukie mbabula. Sisi wa Kivu tunaita mbabula, Warundi na Wanyarwanda imbabura, Waganda wanasema sigiri. Hilo la sigiri lina safari yake: Wahindi wanaliita sigri mpaka leo, na lilikuja nao Afrika Mashariki. Kwa hiyo hata hili tunaloliona ni la babu zetu kumbe nalo ni mgeni aliyekubaliwa. Shida ya mbabula ya bati tupu ni kwamba joto linatoka pembeni, unaota moto wewe badala ya sufuria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Maxwell Kinyanjui wa Kenya na wenzake walichukua wazo la ndoo ya kupikia ya Thailand, ambayo ndani ina udongo uliochomwa, wakalibadilisha. Likawa jembamba kiunoni na pana chini, ili lisipinduke mama akisonga. Ndani kauri, nje bati. Wafinyanzi walifinyanga, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakakata bati, na likauzwa sokoni kama vitu vingine. Linaokoa kati ya theluthi na nusu ya makala. Lilivuka mipaka bila pasi wala kibali: Uganda, Tanzania, Rwanda. Rwanda pia walikuwa na lao la kuni, wakaliita canarumwe, washa ukuni mmoja, jina ambalo linafundisha kabla hujalinunua.

Hapo ndipo nilipoelewa kiti chetu cha wageni. Lile jiko la shirika ni zuri, sikatai, watu waliosoma walilipima. Lakini mdomo wake ni mdogo kuliko sufuria yetu ya watu tisa, na linataka kuni zilizokatwa fupi kama penseli. Chuma cha ndani kilipotoboka, hakuna fundi sokoni aliyejua pa kukipata kingine. La Shauri Moyo likivunjika kauri, unanunua kauri. Ukweli lazima usemwe pia: kuna mafundi waliloiga vibaya, kauri yao inapasuka mwezi wa kwanza. Soko nalo lina wezi wake.

La nne la mama ni la udongo, na historia yake inaanza mbali kidogo, Guatemala. Februari 1976 tetemeko kubwa liliwaacha watu bila nyumba, wengi kama sisi. Miaka ile ndipo lilipotengenezwa pale jiko la udongo na mchanga lililoitwa Lorena. Kwa Kihispania lodo ni tope, arena ni mchanga, ukiunganisha unapata jina la msichana. Likasifiwa dunia nzima. Baadaye wakalipima vizuri wakakuta jambo la aibu: kuta zake nene zilikuwa zinakunywa joto, na mara nyingine lilikula kuni sawa na mafiga yaliyotunzwa vizuri. Moshi ulipungua jikoni, lakini kuni hazikuokolewa sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Larry Winiarski akaja na njia nyingine: tundu dogo la kuni, halafu bomba fupi linalopanda kama kiwiko cha mkono, limezungukwa na kitu chepesi chenye hewa ndani. Moto unakuwa mkali hapo kwenye kiwiko mpaka moshi wenyewe unaungua kabla haujatoka. Wazo hilo liliunganishwa na Lorena, na miaka ya 2000 likaenea magharibi ya Uganda, Bushenyi na kwingine, si mbali na hapa Isingiro. Udongo wa kichuguu ndio unaotumika, maana mchwa wameshausaga, na unachanganywa na majani yaliyokatwakatwa au unga wa mbao. Majani yakiungua ndani ya udongo yanaacha vitundu vya hewa, na hewa ndiyo inayozuia joto lisikimbie.

Mama alijifunza kwa jirani yetu, Mrundi mmoja wa Rubondo aliyewahi kuishi Tanzania. Hakuna warsha, hakuna soda. Walipima tundu kwa sufuria yetu wenyewe, ile kubwa. La kwanza lilipasuka kwa sababu tuliwasha kabla halijakauka (haraka yangu mimi, si ya mama). La pili lilikaa wiki tatu kivulini. Fungu la kuni lililokuwa linaisha siku ya pili, sasa linaingia siku ya nne. Sijapima kwa mizani, nahesabu safari za dada yangu.

Naona watu watauliza, na miti je? Wangari Maathai alipoanza Green Belt mwaka 1977 na wanawake wa Kenya, walilipwa pesa kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hapa kwetu nimeona kibao chenye idadi ya miche iliyopandwa, rangi nzuri kabisa, kimesimama katikati ya nyasi. Mbuzi wamepumzika chini ya kibao, maana ndicho kivuli pekee. Wenzetu wa mashirika, mkirudi na miche, rudini tena na mwaka unaofuata kuhesabu.

Mwezi huu jiko la mama limepata ufa mdomoni kwa sababu ya mvua. Kichuguu kizuri kiko kwenye shamba la mzee mmoja Munyankole ng'ambo ya barabara, na mama hakutaka kuchimba bila ruhusa, akaenda kubisha hodi. Mzee alikubali kwa sharti moja: la pili lijengwe jikoni kwa mke wake. Jumamosi tunaenda watu wanne. Majani tumeshakata, na mke wa mzee ametutumia kipimo cha sufuria yake, uzi uliofungwa fundo.