Mwanya, Taa na Nyota: Historia ya Kurekebisha Spektrografu na Msamiati Wake kwa Kiswahili

Utangulizi

Kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, kabla ya kufika Gitaza, lipo jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wasafiri hao walikuja kuchunguza kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka; walikuta unaingia. Livingstone alisafiri na sekstanti, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota ili kujua latitudo. Nyota ilimwonyesha msafiri mahali aliposimama, lakini haikumwambia yenyewe imefanyika kwa kitu gani. Wakati huohuo, huko London, swali hilo la pili lilikuwa limeanza kupata jibu kwa chombo kingine.

Makala hii inafuatilia historia ya chombo hicho, yaani spektrografu, hasa kazi ya kukirekebisha. Hoja yetu ni kwamba kazi tunayoweza kuiita kwa kitenzi kimoja tu, kulenga, kwa hakika ni kazi nne zisizozaliwa siku moja. Anayezichanganya kwa jina huzichanganya pia kwa mkono.

Kazi nne katika historia

Kazi ya kwanza ni kongwe kama darubini yenyewe: kuielekeza kwenye nyota. Nyingine zilikuja baadaye. Mwaka 1802 William Hyde Wollaston alipitisha mwanga wa jua katika mwanya mwembamba badala ya tundu la duara, akaona mistari ya giza kati ya rangi. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer aliweka prizimu mbele ya darubini ndogo ya theodolaiti, akautazama mwanya uliokuwa umbali wa futi 24, akahesabu mistari zaidi ya 500. Umbali ule ulikuwa na maana: miale itokayo mbali hufika ikiwa karibu sambamba. Baadaye umbali huo ulifupishwa ukawa mrija wenye mwanya upande mmoja na lenzi upande wa pili, uitwao kolimeta.

Mwaka 1859, mjini Heidelberg, Kirchhoff na Bunsen walionyesha kwamba kila elementi ina mistari yake. Chembe ya chumvi ya jikoni ikitiwa katika ndimi za moto hutoa mwanga wa njano wa sodiamu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi. Katika nuru ya jua, mahali hapohapo pana mistari ya giza.

Tarehe 29 Agosti 1864 William Huggins alielekeza darubini yake ya inchi 8 kwenye nebula iliyomo katika kundi la Joka. Badala ya utepe wa rangi aliona mstari mmoja wa mwanga. Kwanza alishuku kwamba prizimu imesogea na kwamba anachokiona ni mwakisi tu wa mwanya. Alipohakikisha kwamba chombo kiko sawa ndipo alipokubali kwamba nebula ile ni gesi inayong'aa. Ugunduzi ule ulisimama juu ya urekebishaji: asiyekiamini chombo chake hawezi kuliamini jambo jipya linaloletwa na chombo hicho. Mwaka 1872 Henry Draper alipiga picha ya mistari ya nyota Vega, na sahani ya picha ikaanza kushika nafasi ya jicho.

Msamiati tunaoupendekeza

Kutokana na historia hiyo tunapendekeza vitenzi vinne. Kuelekeza ni kuipeleka darubini kwenye nyota. Kukusanya ni kusogeza fokasi ya darubini mpaka taswira ya nyota iwe ndogo kabisa juu ya mwanya. Kunyoosha ni kuweka mwanya katika fokasi ya kolimeta ili miale itoke sambamba. Kunoa ni kurekebisha lenzi ya kamera mpaka mistari iwe myembamba na dhahiri.

Mpangilio wa kazi haufuati mpangilio huu. Kunyoosha na kunoa hufanywa kwanza, mezani, kwa taa yenye mistari inayojulikana, kama taa ya neoni. Kisha chombo hufungwa kwenye darubini, nyota huelekezwa, na mwanga wake hukusanywa. Hapa ndipo tofauti ya vitenzi inapookoa usiku mzima. Mistari ya taa ikiwa dhahiri huku utepe wa nyota ukiwa mpana, kosa liko katika kukusanya. Mtu asiiguse kamera. Utepe ukiwa mwembamba huku mistari ya taa ikiwa na ukungu, kosa liko katika kunyoosha au kunoa. Mtu asiiguse fokasi ya darubini. Na kwa darubini ya lenzi, ambayo haikusanyi rangi zote mahali pamoja, utepe huwa mwembamba upande mmoja na kupanuka upande wa pili mithili ya mkia wa ndagala. Mwanafunzi aliyeambiwa "lenga vizuri" tu hatajua ashike skurubu ipi.

Hitimisho

Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa ndagala hutapakaa ziwani mbele ya Gitaza. Kwa macho zote ni nyeupe. Katika spektrografu, karabai hutoa utepe usiokatika, na taa ya LED hutoa kilele cha buluu kikifuatiwa na mwinuko mpana; hakuna hata moja yenye mistari myembamba ya kumfaa mwenye kunoa. Mwalimu wa ufuo huu anaweza kuanza somo kwa taa hizo na chembe ya chumvi, kabla ya kupata darubini yoyote. Lakini hawezi kulianza bila vitenzi. Vifaa vinaweza kununuliwa kutoka nje. Maneno ya kumwambia mwanafunzi ageuze nini, na kwa nini, ni wajibu wetu sisi watafiti wa lugha.