Mobutu, roi du Zaïre

Mobutu, roi du Zaïre (maana yake "Mobutu, mfalme wa Zaire") ni filamu ya makala ya kihistoria iliyotolewa mwaka 1999 na Mbelgiji Thierry Michel. Ina urefu wa dakika 135. Inasimulia kupanda na kuporomoka kwa Mobutu Sese Seko, aliyeitawala nchi hiyo (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) kuanzia mapinduzi ya 24 Novemba 1965 hadi Mei 1997. Mobutu hakuvikwa taji, lakini neno "mfalme" limemkaa sawasawa: ardhi, hazina, jeshi na hata majina ya watu vilikuwa mkononi mwake.

Utengenezaji

Michel alizaliwa Charleroi mwaka 1952. Kabla ya filamu hii alikuwa amekwisha kutoa Zaïre, le cycle du serpent (1992). Watayarishaji ni Les Films de la Passerelle wa Liège.

Yaliyomo

Nguvu ya filamu iko katika picha za zamani za televisheni. Kabla ya kila taarifa ya habari, sura ya Mobutu iliteremka kutoka mawinguni. Watoto wa miaka hiyo walikua wakiiona kila jioni. Kofia ya ngozi ya chui, fimbo na abakosti (koti la kuvaliwa bila tai) vilikuwa vazi rasmi la utawala. Mwaka 1971 nchi na mto vilipewa jina la Zaire, ambalo fedha ilikuwa nalo tangu 1967, na mwaka uliofuata raia wakatakiwa kuyaacha majina ya Kikristo. Mwaka 1974 mabondia Ali na Foreman walipigana Kinshasa. Huko Gbadolite, katikati ya msitu, palijengwa majumba ya marumaru na uwanja wa ndege ulioweza kupokea Concorde.

Nyuma ya fahari hiyo ilikuwapo damu. Juni 1966 wanasiasa wanne, akiwemo aliyekuwa waziri mkuu Évariste Kimba, walinyongwa hadharani mbele ya umati mkubwa.

Anguko

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Sauti ikamkwama, akajifuta machozi. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu rafiki yake Ceaușescu apigwe risasi Romania. Uporaji wa wanajeshi wasiolipwa ulifuata Septemba 1991 na Januari 1993, na mfalme akajitenga katika meli yake Kamanyola na huko Gbadolite. Agosti 1996 alipasuliwa Lausanne kwa sababu ya saratani ya tezi dume. Noti kubwa zilizotolewa miezi ya mwisho watu walizibatiza "prostate", jina la ugonjwa wake, na ndiyo hukumu kali kuliko zote alizopewa na raia.

Mei 1997 alikutana na kiongozi wa waasi, Laurent-Désiré Kabila, ndani ya meli Outeniqua, Mandela akiwa mpatanishi. Hawakuafikiana. Waasi waliingia Kinshasa tarehe 17 Mei. Mobutu alifariki Rabat, Moroko, 7 Septemba 1997, akazikwa huko huko.

Butembo na Beni

Kamera imekaa zaidi upande wa ikulu, na hapo ndipo mtazamaji wa Kivu ya Kaskazini anapohisi pengo. Anguko hilo lilianzia mashariki. Kati ya Novemba na Desemba 1996, wanajeshi wa Mobutu waliokimbia vita vya Goma walipita Butembo na Beni wakipora maduka na nyumba, wakielekea Bunia na Kisangani. Nyuma yao wakaja kadogo (askari watoto) wa AFDL, jeshi la Kabila. Watu wa Butembo na Beni walikuwa wamezoea kuishi bila serikali. Wafanyabiashara wa Butembo walijitafutia soko la kahawa na dhahabu kupitia Kasindi na Uganda, na chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966, Kanisa na raia walikarabati barabara kwa mikono yao. Ushujaa huo wa majembe na vikapu vya mawe unastahili filamu yake. Isitoshe, maelezo ni ya Kifaransa, jambo linalomwacha mzee anayesema Kinande na Kiswahili akitegemea mjukuu amfasirie.

Baadaye

Michel aliendelea kupiga filamu Kongo, zikiwemo Congo River (2005) na L'Affaire Chebeya (2012), ambayo ilifanya azuiwe kuingia nchini mwaka huo huo. Filamu ya Mobutu bado hutazamwa na wanafunzi wa historia.