Fedha za Ufufuaji wa Mji: Istilahi na Hali ya Kisangani

Fedha za ufufuaji ni fungu linalotengwa kwa ajili ya mji uliopoteza ajira, ili mamlaka ya mji huo itengeneze mambo yanayomvuta mwajiri: umeme, barabara, gati, viwanja vyenye hati. Uingereza ilianzisha bajeti maalumu ya aina hiyo mwaka 1994, halmashauri zikashindana kwa miradi, na kila mradi ukaulizwa utaleta kazi ngapi.

Wapo wanaoandika "uhuishaji". Ni neno zuri, ila siku hizi tunahuisha taarifa na programu za simu, na maana yake imetawanyika. "Ukarabati" huishia kwenye saruji na rangi. Soko linaweza kukarabatiwa na vijana wakabaki vijiweni. Nachagua "ufufuaji" kwa kuwa watu tayari husema kufufua kiwanda, kufufua reli.

Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina vyote viwili vya kufufua. Kiwanda cha nguo cha Sotexki kilivalisha watu vitenge, kisha kikadhoofika. Reli ya Ubundu, kilomita 125, inaanzia Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya Mto Kongo, na hadi leo hakuna daraja la kufika huko: mtu na mzigo wake huvuka kwa mtumbwi au kivuko. Umeme unatoka katika bwawa la Mto Tshopo, lililojengwa zama za Wabelgiji, lenye mitambo mitatu na uwezo usiofika megawati 20. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga akikatiwa umeme hununua mafuta ya jenereta, na fedha ambazo zingemlipa kibarua wa pili zinaungua humo.

Je, mji una fungu la kutibu haya? Kisheria, lipo. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ikatwe papo hapo yanapokusanywa. Sheria ya Oktoba 2008 inaupa mji, komini, sekta na uchifu asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Kwa hesabu nyepesi, katika kila franka 100, franka 16 zingefika ngazi ya chini, zikiwemo komini sita za Kisangani. Katiba ikaongeza hazina ya usawazishaji, asilimia 10 ya mapato ya taifa, kwa uwekezaji katika sehemu zilizoachwa nyuma. Kiutendaji, makato ya papo hapo hayafanyiki: fedha hupanda Kinshasa kwanza, na kinachorudi, ambacho wenyeji hukiita retroseshoni, ni kidogo na huchelewa. Meya hawezi kumwahidi mwekezaji chochote kwa fedha asizojua zitafika lini.

Ipo pia fedha isiyopaswa kuitwa ya ufufuaji hata kidogo. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini siku sita. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka hiyo, kwa mafungu matano ya kila mwaka, na mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, ukawekwa Kisangani. Hizo ni fidia. Zina wenyewe: waliofiwa, waliokatwa viungo, waliobomolewa nyumba. Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola milioni 19 za ujenzi wa gereza Kisangani, fedha zilizochotwa katika fidia hiyo. Hata kama gereza hilo lingejengwa hadi paa, wahanga wangekuwa wameporwa.

Kwa hiyo anayeandika bajeti ya mji aziweke mbali: fidia kwa wahanga, retroseshoni kwa huduma za kila siku, ufufuaji kwa ajira. Desemba 2023 wakazi wa miji mikuu ya majimbo walichagua madiwani wa komini. Madiwani wa Kisangani wana haki ya kudai franka zile 16, na fungu la kwanza la ufufuaji liende kwenye umeme.